Muuguzi anavyopima na kutuliza maumivu ya mgonjwa

Joto la mwili lina kipimajoto chake na shinikizo la damu lina mashine yake. Maumivu hayana mashine. Mwaka 1968 muuguzi wa Marekani, Margo McCaffery, aliwafundisha wenzake kwamba maumivu ni yale mgonjwa anayosema anayo, na wauguzi wengi bado wanaanzia hapo: kumwuliza mgonjwa, kisha kumwamini.

Kuuliza si kazi nyepesi. Bibi wa Mpuguso aliyelazwa Tukuyu au Igogwe akiamkiwa "Shikamoo bibi, umeamkaje?" atajibu "Marahaba, salama tu," hata kama hakulala usiku kucha. Hiyo ni salamu, siyo jibu la ugonjwa. Muuguzi mzoefu husubiri neno "ila" linalofuata, au huuliza tena kwa namna nyingine: Umeweza kugeuka kitandani? Umeweza kwenda chooni? Kama bibi anaeleza vizuri zaidi kwa Kinyakyusa, ni haki yake atafutwe mtu wa kumtafsiria, kwa kuwa maumivu ya kuchoma na maumivu ya kupwita hayana chanzo kimoja wala dawa moja. Yanayowaka kama moto pamoja na ganzi mara nyingi yanatoka kwenye mishipa ya fahamu, na paracetamol peke yake haiyafikii.

Kujua ukali wake, muuguzi huomba namba: 0 ni hakuna maumivu, 10 ni makali kuliko yote. Wasiozoea namba hutumia mkono. Ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vitano ni makali kabisa. Njia hii haihitaji karatasi na haisahauliki. Mtoto mdogo huonyeshwa picha za nyuso. Kwa mtoto asiyeweza kusema, muuguzi hutazama uso, miguu, mwili unavyotulia, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja hupewa alama 0 hadi 2.

Si kila maumivu yanaanza na dawa. Kibofu kilichojaa, bandeji iliyokaza au mgonjwa kulalia upande mbaya huweza kuondolewa kwa mikono tu. Mama aliyejifungua kwa upasuaji hufundishwa kukandamiza mto tumboni anapokohoa. Akiogopa kukohoa na kutembea kwa sababu ya maumivu, makohozi hubaki kifuani na damu huweza kuganda miguuni. Kujikaza huku kunaweza kumletea ugonjwa mwingine.

Mfano mwingine ni kijana aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi au kwenye bodaboda, akafungwa plasta ngumu. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, huku vidole vikivimba, vikiwa vya baridi au vyenye ganzi, si ya kutulizwa kwa vidonge na kusubiri asubuhi. Plasta huenda inabana, na misuli inaweza kufa ndani ya saa chache. Arudishwe hospitali usiku huohuo, hata kama ni mvua ya Rungwe.

Dawa hupanda ngazi iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1986, mwanzoni kwa wagonjwa wa saratani: kwanza paracetamol au ibuprofen, kisha dawa za nguvu ya kati, kisha morfini. Kwa maumivu ya kudumu hutolewa kwa saa, bila kungoja mgonjwa alie. Baada ya kutoa, muuguzi hurudi kupima tena, kama nusu saa baada ya sindano au saa moja baada ya kidonge. Kipimo kisichorudiwa hakina maana.

Morfini inaogopwa kuliko inavyostahili. Ndugu wengi hudhani ni dawa ya mtu anayekata roho. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, imekuwa ikitengeneza morfini ya maji na kuzigawia hospitali nyingine. Uganda iliruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika tangu 2004. Kwetu kwa kawaida huandikwa na daktari. Muuguzi huangalia upumuaji na usingizi wa mgonjwa, na huhakikisha ipo dawa ya kulainisha choo, maana kufunga choo ndiko kunakowafanya wengi waiache.

Nyumbani, mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya paracetamol vya miligramu 500 kwa saa 24. Panado ni paracetamol ileile, na baadhi ya dawa za mafua zinayo pia. Diclofenac na ibuprofen zisitumiwe na mjamzito bila kuelekezwa, wala na mwenye vidonda vya tumbo. Ukienda zahanati, beba maboksi ya dawa zote ulizomeza, pamoja na za miti shamba, umwonyeshe muuguzi kabla hajakupa nyingine.