Gharama ya Baruti Katika Nchi za Wamangi

Mwaka 1889 wajumbe wa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walizoea kumwita Mandara, walifika Berlin wakichukua pembe ya ndovu kwa ajili ya Kaiser Wilhelm II. Safari hiyo husimuliwa kama kioja cha zama zake: Wachaga waliozaliwa chini ya theluji ya Kibo kusimama katika jumba la mfalme wa Ujerumani. Lakini haikuwa kioja. Ilikuwa jambo la serikali, na pembe ile ilikuwa sehemu ndogo tu ya mali ambayo Moshi ilikuwa imekwisha kuitoa kwa miaka mingi kwa jina la ulinzi wa nchi.

Wakati huo Kilimanjaro haikuwa nchi moja. Kila utawala, Moshi, Kibosho, Machame, Uru, Kilema, Marangu, Mamba, na nyingine nyingi za Rombo na Vunjo, ulikaa juu ya mgongo wake wa mlima, ukitengwa na jirani kwa korongo na mto. Mangi hakuwa na daftari la mapato na matumizi, lakini mapato alikuwa nayo: kazi ya marika ya vijana, ng'ombe, mbege, na pembe. Matumizi nayo yalijulikana, na ulinzi ulitangulia mengine yote.

Ufundi wa kwanza wa ulinzi ulitoka katika ardhi yenyewe. Huko Keni, mapema katika karne ya 19, Horombo alijengesha kuta kubwa za mawe kwa nguvu za watu wa nchi alizozishinda. Chuma kililetwa kutoka Ugweno katika milima ya Upare, na wahunzi, hasa wa Mamba waliosifika kwa kazi hiyo, wakakifua kuwa mikuki. Katika Kilema, Mamba na Marangu watu walichimba mahandaki yenye mlango mwembamba usioruhusu zaidi ya mtu mmoja kuingia, na ndani yake vyumba vya wanawake, watoto na mifugo. Husimuliwa kwamba udongo ulitupwa mtoni ili adui asione fungu jipya la udongo katika kihamba akajua mahali pa kuchimbua. Si haki kuupamba ufundi huo kupita kiasi, kwa maana kuta za Horombo zilikuwa mzigo mzito mabegani mwa waliozijenga. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja: handaki likiisha kuchimbwa halikumdai mwenyewe kitu kingine ila kulitunza.

Bunduki ilikuwa na tabia nyingine. Tangu miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yalikuwa yakiacha bunduki za kushindiliwa mdomoni na kuchukua mpya za kujazwa nyuma, na zile kuukuu zikauzwa kwa wingi katika Afrika. Unguja ikawa moja ya milango yake mikubwa. Kutoka Pangani na Mombasa misafara ilizipandisha mpaka Taveta na Moshi, pamoja na amerikani, shanga na waya. Gobori lilihitaji baruti, risasi na fataki, na baruti katika nchi ya ukungu na mvua huharibika upesi. Mangi aliyenunua magobori mwaka huu alilazimika kuungojea msafara wa mwaka ujao, na kuwa na kitu cha kuupa.

Kitu hicho kilikuwa pembe, na pembe zilipokuwa haba kilikuwa mtu. Rindi alizitumia bunduki zake kuwashambulia majirani, vita vikaleta mateka, mateka wakauzwa kwa misafara, na misafara ikaleta baruti ya kupigania vita vinavyofuata. Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja, lakini haukuzifunga njia za bara. Hapa ndipo hesabu ya ulinzi ilipogeuka: silaha iliyonunuliwa ili watu wa Moshi wasitekwe ililipiwa kwa kuwateka watu wa mahali pengine, na hao nao, au wamangi wao, wakatafuta bunduki kwa sababu hiyo hiyo.

Aliyezitafuta kwa bidii na kufaulu kuliko wote alikuwa Sina wa Kibosho. Aliunganisha ufundi wa kale na mpya, ngome imara na wapiganaji wenye bunduki, hata Moshi ikamwogopa. Rindi, alipoona kuwa hazina yake haitoshi, akaanza kutafuta rafiki mwenye nguvu badala ya silaha peke yake. Katika mwaka 1885 alikubali bendera ya Sayyid Barghash kutoka kwa Lloyd Mathews, na baada ya muda mfupi akatia mkono katika mkataba wa Carl Jühlke, mjumbe wa kampuni ya Wajerumani. Wengine wamemwita kigeugeu. Yamkini ni sawa zaidi kumwona kama mnunuzi aliyezunguka dukani akiuliza bei.

Bei yenyewe ilikuwa ikipangwa Berlin. Mwanzoni mwa mwaka ule ule wa 1889 bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni 2 kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki. Kwa fedha hizo Hermann von Wissmann aliandika askari wa Kisudani na wengineo, akanunua mizinga na bombomu. Mwezi Februari 1891 jeshi hilo lilipanda Kibosho, na wapiganaji wa Moshi walikuwa upande wake. Ngome ya Sina ikavunjwa. Rindi akawa amemwona adui yake akishindwa, naye akafa mwaka huo huo.

Ni lazima kusema pia kwamba bunduki za Moshi hazikuwa bure. Mwezi Juni 1892 von Bülow aliwaongoza askari dhidi ya Meli, mwana wa Rindi, akauawa yeye mwenyewe, na Wajerumani wakaondoka mlimani kwa muda. Waliwalaumu wamisionari Waingereza wa CMS kwamba wamewapa watu wa Moshi silaha, na wamisionari hao wakalazimika kuondoka. Lakini Agosti 1893 Friedrich von Schele alirudi na jeshi kubwa zaidi. Meli alishindwa, na watu wake wakatakiwa kufanya kazi ya kujenga boma la Wajerumani juu ya ardhi yao wenyewe.

Tangu mwaka 1898 kila nyumba ilidaiwa kodi, na waliokosa rupia walilipa kwa jasho. Tarehe 2 Machi 1900 watu 19 walinyongwa huko Moshi kwa shitaka la kula njama juu ya serikali ya Wajerumani. Miongoni mwao walikuwa Meli, mwana wa Rindi, na Molelia, mwana wa Sina.