GARI LA KWANZA LA KAZI YA MITI: FUNZO LA KONGWA

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Walimu, tafadhali andikeni ubaoni maneno haya matano: lori, tingatinga, vipuri, karakana, pori. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti mara mbili. Vema. Sasa tuanze.

Swali letu la leo ni la biashara, lakini jibu lake tutalitafuta katika historia. Tuseme ndugu watano wamepatana kuanzisha kazi ya miti. Watakata miti mizee iliyoinamia nyumba za watu. Watapogoa matawi, watang'oa visiki mashambani, na watachukua magogo. Mashoka wanayo, kamba wanazo, misumeno wanayo. Kinachokosekana ni lori. Akiba yao inatosha kununua lori moja tu. Wakichagua vizuri, lori litawalisha. Wakichagua vibaya, wao ndio watakaolilisha lori, na mwisho akiba ya miaka mingi itakwisha.

Je, wachague vipi? Yafaa kwanza tuwatazame watu wengine waliochagua mashine za kazi ya miti. Watu hao hawakuwa watano, wala hawakuwa maskini. Walikuwa na serikali kubwa nyuma yao na fedha nyingi mkononi. Hata hivyo walishindwa. Mahali penyewe ni Kongwa, katika nchi ya Wagogo, ambayo leo ni wilaya ya Mkoa wa Dodoma.

MPANGO WA KARANGA

Vita Kuu ya Pili ilikwisha mwaka 1945. Uingereza ilikuwa imeshinda, lakini watu wake walikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Mafuta yaligawanywa kwa vipimo, kila mtu na fungu lake dogo. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alitoa shauri. Alisema kwamba Afrika ya Mashariki ina ardhi kubwa isiyolimwa. Ikisafishwa kwa mashine, italimwa karanga, na karanga zitatoa mafuta.

Serikali ya Uingereza ikatuma tume ya watu watatu kuja kutazama. Kiongozi wao alikuwa Bwana John Wakefield, ambaye alikuwa amepata kuwa mkuu wa kilimo katika Tanganyika. Waliporudi walitoa mpango mkubwa mno. Walitaka kusafisha pori la ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Sehemu iliyo kubwa zaidi ilikuwa Tanganyika. Waziri wa Chakula wa Uingereza, Bwana John Strachey, aliukubali mpango huo, na kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Walikusudia kusafisha ekari 150,000 katika mwaka huo wa kwanza.

Neno moja hapa lataka kuangaliwa. Mpango uliitwa wa karanga, lakini kazi ya kwanza ilikuwa kazi ya miti. Kabla ya kupanda hata karanga moja, ilipasa kuangusha mibuyu na vichaka vya miiba, kung'oa mizizi, na kuondoa magogo. Kwa hiyo jambo lote lilitegemea mashine za kusafisha pori.

MASHINE ZILIVYOCHAGULIWA

Mashine iliyotakiwa ni tingatinga, ambayo wengine huiita katapila. Ni gari zito linalotembea kwa minyororo ya chuma badala ya magurudumu ya mpira. Mbele lina bamba la chuma la kusukumia.

Lakini mwaka 1947 matingatinga mapya yalikuwa adimu. Dunia nzima ilikuwa ikijenga upya baada ya vita, na viwanda vilikuwa na oda nyingi kuliko uwezo wao. Wakuu wa mpango hawakutaka kungoja. Wakanunua mashine zilizokwisha tumika. Nyingi zilitoka Philippines, ambako majeshi ya Marekani yalikuwa yameziacha baada ya vita.

Tusiwacheke upesi. Kununua mashine iliyokwisha tumika si kosa. Watu wengi wenye busara hununua hivyo. Kosa lao lilikuwa kwamba hawakujua hali ya ndani ya kila mashine. Nyingine zilikuwa zimefanya kazi ngumu vitani, na zikakaa juani na mvuani. Rangi inaweza kupakwa siku moja, lakini injini iliyochakaa haiponi kwa rangi.

Jambo la pili, hawakuiuliza ardhi vya kutosha. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama sakafu. Tena una mchanga mkali unaosaga chuma. Mabamba na majembe ya chuma yalilika upesi. Tingatinga liliweza kuangusha mti, lakini mizizi ilibaki chini, imeshikana, nayo ilivunja vyombo vya kulimia. Wenyeji wa Ugogo walizijua kiangazi zao na mvua zao zisizotabirika, kwa maana waliishi nazo vizazi vingi. Wakuu hawakufanya kwanza jaribio dogo, la ekari chache, ili waone pori litajibu nini.

Jambo la tatu ni vipuri. Vipuri ni vile vyuma vya kubadilisha kilichovunjika. Wengine husema spea. Mashine za jeshi zilikuja bila vipuri vya kutosha. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa ndogo, na mizigo ilisongamana. Kutoka bandarini mpaka Kongwa ni zaidi ya maili 200. Tingatinga moja likivunjika chuma kidogo tu, linasimama. Huenda chuma hicho kiko melini, au bado hakijaagizwa. Karakana nazo, yaani mahali pa mafundi pa kutengenezea, zilikuwa bado hazijawa tayari wakati mashine zilipokwisha anza kuharibika.

Jambo la nne ni madereva. Watu waliajiriwa kwa wingi, wakafundishwa kwa haraka, wakapewa mashine. Mtu ambaye jana hakupata kushika usukani, leo akasukuma mbuyu. Hatia haikuwa yake. Hakupewa muda wa kujifunza kusikia sauti ya injini inayoumwa, wala kutazama mafuta na maji kila asubuhi.

Basi kabla mwaka 1947 haujaisha, sehemu kubwa ya matingatinga ilikuwa imesimama, haifanyi kazi. Ardhi iliyokuwa tayari kwa karanga mwisho wa mwaka ilikuwa kama ekari 7,500 tu.

Wanafunzi, chukueni daftari zenu tupige hesabu. Walitaka 150,000. Walipata 7,500. Gawanyeni 150,000 kwa 7,500. Jibu ni 20. Maana yake, katika kila ekari 20 walizotaka, walipata moja tu.

VIFARU NA MINYORORO

Walipoona taabu hiyo, walijaribu njia nyingine. Kiwanda cha Vickers-Armstrongs cha Uingereza kilichukua vifaru vya vita vya aina ya Sherman na kuvigeuza kuwa matingatinga. Waliviita Shervick. Wazo lilikuwa la kuvutia, maana kifaru ni kizito na kina nguvu. Lakini kifaru kilitengenezwa kwa vita, hakikutengenezwa kwa kusukuma miti siku nzima, mwezi hata mwezi. Kazini havikufaa.

Njia nyingine ilifaa zaidi. Walichukua mnyororo mzito wa nanga ya meli, wakaufunga kwa matingatinga mawili. Matingatinga yalikwenda sambamba, na mnyororo katikati uliiangusha miti iliyo njiani. Njia hii ilitoka kwa watu walioitazama kazi yenyewe na kufikiri. Lakini ilikuja wakati fedha nyingi zimekwisha tumika.

Mwaka 1948 shirika la serikali, Overseas Food Corporation, liliichukua kazi kutoka kwa kampuni. Kazi ilikuwa pia Urambo na Nachingwea. Gharama ya kusafisha ekari moja ilizidi sana makisio ya kwanza. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango ule mkubwa umeachwa. Kiasi cha pauni milioni 36 kilikuwa kimepotea.

Si kila kitu kilipotea. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa sababu ya mpango huo, nayo ikabaki. Wananchi wengi walijifunza udereva na umakanika, wakaondoka na ujuzi huo. Lakini mafuta ya karanga yaliyotarajiwa hayakupatikana.

NDUGU WATANO NA LORI LAO

Sasa turudi kwa ndugu zetu watano. Wao hawana pauni milioni 36. Wana akiba ya lori moja. Wakikosea, hakuna serikali ya kuwalipia. Kwa hiyo wao wanahitaji funzo la Kongwa kuliko wale wakuu wenyewe. Na wajiulize maswali manne.

Swali la kwanza: Kazi yetu yataka nini? Wasianze kwa kutazama lori sokoni. Waanze kwa kuitazama kazi. Magogo yao ni makubwa au ni matawi tu? Njia ni ya lami au ya matope? Lori litaingia uani mwa watu, au litasimama barabarani? Lori refu likishindwa kuingia mlangoni, watabeba magogo mabegani.

Tena wakumbuke kwamba mti mbichi ni mzito, kwa sababu una maji ndani yake. Mita moja ya ujazo ya mti mbichi, yaani kipande chenye upana, urefu na kimo cha mita moja moja, huweza kukaribia uzito wa tani moja. Tupige hesabu nyingine. Tuseme lori limeruhusiwa kuwa na uzito wa kilo 8,000 pamoja na mzigo. Likiwa tupu lina kilo 4,500. Zinabaki kilo 3,500. Watu na vyombo vyao ni kilo 500. Zinabaki 3,000. Basi huo ni mzigo wa mita 3 za ujazo tu za miti mibichi, hata kama nafasi bado ipo. Anayejaza nafasi yote huvunja springi, au breki humshinda mteremkoni. Hapo si mali tu inayopotea, na watu pia huumia.

Swali la pili: Lori hili limetoka wapi? Likiwa limekwisha tumika, waulize lilifanya kazi gani. Wamlipe fundi wao wenyewe, asiye rafiki wa mwuzaji, alitazame. Aingie chini ya lori, atazame kama chesisi ina ufa au kutu. Aliwashe injini ikiwa baridi, kwa maana injini iliyokwisha pashwa moto huficha ugonjwa. Aliendeshe likiwa na mzigo, na kupanda mlima. Ada ya fundi ni ndogo kuliko bei ya injini.

Swali la tatu: Likivunjika, nani atalitengeneza, na vipuri vitatoka wapi? Watembee mjini mwao, wahesabu malori ya aina ile ile wanayoyaona barabarani. Yakiwa mengi, vipuri vipo na mafundi wanayajua. Likiwa ni la peke yake, hata liwe zuri namna gani, wamwachie mwingine. Tena wasitumie akiba yote kwa bei. Waweke fungu la matairi, mafuta, bima na matengenezo. Fungu hilo ndilo karakana yao.

Swali la nne: Nani ataliendesha? Mmoja wao awe na leseni na ujuzi, au amwajiri aliye nao. Naye kila asubuhi atazame mafuta, maji, breki na matairi kabla ya kuondoka.

Tena liko jambo moja ambalo Kongwa hawakulifanya, na ndugu watano wanaweza kulifanya kwa urahisi. Wajaribu kwanza kidogo. Wakodi lori kwa siku chache za kazi. Waandike katika daftari: leo tulichukua magogo safari ngapi, tulitumia mafuta kiasi gani, tulilipwa shilingi ngapi. Baada ya mwezi daftari hilo litawaambia lori lipi linafaa. Hii ndiyo faida ya kujua kusoma na kuandika. Waswahili husema: haraka haraka haina baraka. Kule Kongwa haraka iliwala watu wenye fedha nyingi; haitamwonea huruma mwenye fedha kidogo.

Basi mashine ya kwanza na ichaguliwe na kazi yenyewe, isichaguliwe na bei peke yake wala na haraka ya mnunuzi.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini wakuu wa mpango wa karanga walinunua mashine zilizokwisha tumika?
2. Udongo wa Kongwa uliharibu vyombo kwa njia gani?
3. Lori lina uzito wa kilo 3,000 likiwa tupu, nalo limeruhusiwa kilo 6,000. Watu na vyombo ni kilo 400. Laweza kuchukua magogo ya kilo ngapi?
4. Katika mji wenu, ni malori ya aina gani ambayo vipuri vyake hupatikana kwa urahisi? Mliyajuaje?

Wasikilizaji, somo letu limekwisha. Walimu, someni tena sehemu ya hesabu polepole pamoja na darasa. Kwaherini mpaka somo lijalo.