Nani Atawafungulia Mlango?

Mtaani kwetu, mtoto akianguka mtihani lawama ni za PlayStation. Korea Kusini nao walilaumu mashine. Uchumi ulipoyumba mwaka 1997, baadhi ya waliofutwa kazi walifungua kumbi za gemu za kompyuta. Wazazi walichelewa kazini, watoto wakatoka shule wakaingia tuisheni hadi usiku. Kwa wengi, gemu ndiyo ilibaki nafasi ya kuwa na marafiki.

Mwaka 2011, serikali ikawafungia walio chini ya miaka 16 gemu za mtandaoni, saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Wengine wakaingia kwa nambari za vitambulisho vya wazazi. Bunge likaifuta sheria hiyo 2021.

Nikipita kwa kibanda cha PS jioni, huwa najiuliza: hawa wakifika nyumbani, nani atawafungulia mlango?