Mashahidi Walio Sandukuni: Kuitafuta Historia ya Koo Zetu

Chama chetu kinapotimiza miaka 10, vitabu vyake vya hesabu vyaonyesha nani alileta mpunga, lini, na mzani ulisomaje. Lakini wengi wetu hapa Masagati tukiulizwa jina la babu wa babu, hatuna daftari la kufungua. Wazee walituachia vitu: jembe, shanga, sarafu, stakabadhi ya kodi, picha iliyofifia. Vitu hivi ni mashahidi, na shahidi hana budi kuhojiwa vema.

Tutazame sarafu. Hapo kwanza rupia ya Wajerumani ilikuwa pesa 64. Tangu mwaka 1904 ikahesabiwa kwa heller 100, na ndiko lilikotoka neno letu "hela". Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuja mwaka 1921. Basi mwaka uliopigwa juu ya sarafu watuambia kwamba haikupatikana kabla ya hapo; hautuambii ilipatikana lini. Mtu akiona 1905 asiseme upesi kwamba babu yake alipigana vita vya Maji Maji. Ni kweli kwamba boma la Mahenge lilishambuliwa mwezi wa Agosti mwaka huo, lakini sarafu ile yaweza kuwa ilipokewa sokoni miaka mingi baadaye.

Picha nayo ianze kusomwa mgongoni: mhuri wa mpiga picha, tarehe, neno lililoandikwa kwa wino. Kisha mzee aulizwe, "Huyu ni nani?" wala si, "Huyu siye babu fulani?" maana kwa adabu aweza kuitikia tu. Yafaa kuwauliza wazee wawili, kila mmoja peke yake, na kina bibi wasisahauliwe, kwani wao hujua ukoo wa upande wa mama. Maneno yao yalinganishwe na vitabu vya ubatizo vya misheni, na pia na kitabu cha Culwick na mkewe, *Ubena of the Rivers*, kilichotoka mwaka 1935, ambamo Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe aliandika sura moja.

Kitu kikitengwa na maneno yake, kukitambua ni taabu. Jirani zetu Wahehe walijua hayo. Mtwa Mkwawa alikufa mwaka 1898, na kichwa chake kikachukuliwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza kitolewe, lakini kilirudi Kalenga mwaka 1954 tu. Gavana Twining alipokwenda kukitafuta Bremen alikuta mafuvu mengi, ikambidi kuyalinganisha kwa vipimo na vichwa vya jamaa wa Mkwawa walio hai. Ikiwa kichwa cha mtawala kilipata shida hiyo, je, picha ya mkulima isiyo na jina?

Kwa hiyo twawasihi wanachama: kila nyumba iwe na daftari moja. Kila kitu kiandikwe jina lake, nani alikuwa nacho, nani alimrithi, na nani aliyesimulia. Lisilo hakika liandikwe kuwa si hakika. Picha isiandikwe kwa wino usoni, wala sarafu isisuguliwe kwa mchanga ing'ae, kwani mwaka wake utafutika. Na asiuze mtu sarafu ya babu kwa mchuuzi apitaye njiani kabla ukoo haujakaa na kusikizana. Kazi hii haingoji mavuno: mpunga ukikosa msimu huu hupandwa tena mwakani, lakini mzee akiondoka, maneno yake hayana mbegu.