Kompyuta ya Hazina na Marufuku ya 1974

Wanafunzi wangu hapa Songea hudhani kuwa historia ya kompyuta ni ya watu wengine, nasi tuliingia juzi tu, pamoja na simu za mkononi. Sivyo. Serikali yetu ilikuwa na kompyuta mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya Muungano.

Tuanze mbali kidogo. Februari 1946, Marekani ilizindua hadharani ENIAC, mashine iliyojengwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania ili kulikokotolea jeshi majedwali ya kulengea mizinga. Ilikuwa na valvu zipatazo 18,000, vile vitaa vya kioo ambavyo wazee wetu walivijua ndani ya redio, na uzito wa tani zipatazo 30. Valvu ziliungua mara kwa mara. Hata hivyo, John Mauchly na Presper Eckert walioisanifu, pamoja na wanawake sita walioipangia kazi, waliijua mashine hiyo nje ndani. Ilipoharibika, ilifunguliwa na wenyewe.

Kompyuta iliyofungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, ilikuwa ya kizazi kilichofuata: ICT 1500, yenye transista badala ya valvu. Kwa ufundi iliizidi ENIAC; kwa umiliki ilikuwa nyuma yake. Ilitoka kwa kampuni ya Uingereza, ikategemea wataalamu wa kigeni na vipuri vya kununuliwa kwa fedha za kigeni. Miaka michache baadaye mfumo wa hesabu za Serikali ulivurugika, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku.

Wapo wanaoucheka uamuzi huo. Mimi siucheki. Nchi maskini ilikuwa na haki ya kuhoji gharama ya chombo isichokielewa. Kosa, kwa maoni yangu, ni kuzuia mashine pasipo kuandaa wajuzi wa kutosha. Marufuku ilipolegezwa, tukaanza upya tukiwa wanunuzi.

Suala hilo lingali hai. Tangu msimu wa 2022/23, mkulima wa mahindi wa Ruvuma hupata mbolea ya ruzuku kwa kusajiliwa katika mfumo wa kidijitali. Akiambiwa "mtandao unasumbua", haki yake husimama, na mvua haimsubiri. Basi mtumishi wa umma, kabla hajatia saini mkataba wa mfumo wowote, aulize: ukiharibika, nani miongoni mwetu ataufungua?