Mipichi ya Canyon de Chelly

Haya wasomaji, leo siasa tuziweke kando, twende Arizona, Marekani. Sinema zimetuzoesha kuiona nchi ile ya majangwa na miamba myekundu kama mahali pasipo na mwenyewe: barabara imenyooka, gari moja, muziki, basi. Wengi huzunguka huko siku nzima, wakapiga picha, wakarudi hotelini wakiamini wameona mawe.

Canyon de Chelly (tamka "de shei") ni dawa nzuri ya ugonjwa huo. Jina lenyewe ni Wahispania waliojaribu kulitamka neno Tséyi', yaani ndani ya mwamba, la Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné. Unaanzia mji mdogo wa Chinle. Barabara moja inafuata ukingo wa kusini wa korongo, nyingine wa kaskazini, na ukiamka mapema zote mbili unazimaliza kwa siku. Ila chunga saa yako: majira ya joto Wanavajo husogeza saa mbele, Arizona iliyobaki haisogezi!

Ukingo wa kusini ndio wenye picha za kalenda. Mwishoni kabisa umesimama Mwamba wa Buibui, nguzo ya mawe yenye urefu wa mita 240 hivi, makao ya Mwanamke Buibui ambaye Wanavajo husema ndiye aliyewafundisha kufuma. Lakini usitazame nguzo tu. Chini kuna mashamba, kondoo, na nyumba za watu.

Ukingo wa kaskazini ni habari nyingine. Kuna pango juu ya genge ambako mwaka 1805 wanawake, watoto na wazee walijificha askari wa Kihispania wakipita chini. Inasimuliwa kwamba bibi mmoja aliyewahi kuwa mateka wa Wahispania alishindwa kuvumilia, akawatukana kwa lugha yao, na maficho yakajulikana. Kamanda wao, Antonio Narbona, aliripoti kuua watu 115, na wengi akawaita wapiganaji. Wanavajo wanasema wapiganaji hawakuwepo. Mimi kama mwandishi wa habari najua ripoti ya aliyeshika bunduki huandikwaje, kwa hiyo nawaamini Wanavajo.

Kisha wakaja Wamarekani. Jenerali James Carleton aliamua Wanavajo wahamishwe wote, na kazi akampa Kanali Kit Carson, yule yule anayesifiwa kwenye hadithi za magharibi ya Marekani. Carson hakuhitaji vita vikubwa. Alichoma mahindi, akachukua mifugo, akaiachia njaa imalizie. Januari 1864, kwenye theluji, askari wake walipita ndani ya korongo. Baadaye mwaka huo huo wengine wakarudi na mashoka kukata mipichi. Maelfu ya miti! Mahindi ukichoma, mwakani yanapandwa tena. Mti wa matunda unakatwa ili mtu asiwe na sababu ya kurudi.

Watu zaidi ya 8,000 walipelekwa Bosque Redondo, New Mexico, wengi wao kwa miguu, karibu kilomita 480. Waliochoka njiani walikufa. Huko maji ya mto yalikuwa ya chumvichumvi, wadudu wakala mahindi, kuni zikaisha, maradhi yakaingia. Serikali ikajikuta inalisha watu kwa gharama kubwa mahali ambapo hakuna kinachoota.

Ndipo mwaka 1868 Jenerali William Sherman akaja na wazo la kuwahamishia mbali zaidi, nchi ambayo leo ni Oklahoma. Aliyesimama kumjibu ni Barboncito, mwenyeji wa korongo hili hili. Alikataa katakata. Tarehe 1 Juni mkataba ukasainiwa, na mwezi huo huo wakaanza safari ya kurudi. Makabila mengi ya Marekani yaliyohamishwa hayakuiona tena nchi yao, Wanavajo waliirudia.

Korongo lilitangazwa hifadhi mwaka 1931, lakini ardhi ni ya Wanavajo mpaka leo. Juu unazunguka na gari lako; ukitaka kushuka kwenye mchanga wa chini unamchukua kiongozi wa Kinavajo, na unamlipa. Muombe akuonyeshe bustani za mipichi. Waliporudi waliipanda upya.