Kutoka "Mchezo" hadi "Sanaa za Maonyesho"

Mwanafunzi anayejifunza maana ya jukwaa, tamthilia, fanani na hadhira anarithi pia mabishano ya miaka mingi. Wakati wa ukoloni drama ilitufikia zaidi kupitia shule, pamoja na pazia lake na maandishi ya kukaririwa, ikaitwa mchezo wa kuigiza. Katika mazingira hayo ndimo ilimozaliwa Nakupenda Lakini ya Henry Kuria, huko Alliance High School nchini Kenya, ikachapishwa mwaka 1957. Jina "mchezo" lilifaa darasani, lakini lilitudhulumu: utambaji wa hadithi, ngoma na jando vikabaki kuitwa mila tu, kana kwamba Waafrika hawakujua maonyesho mpaka walipojengewa jukwaa. "Tamthilia" nayo, iliyo na mzizi mmoja wa Kiarabu na mithili na methali, imezoeleka zaidi kwa kazi iliyoandikwa. Ndiyo maana Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walishika jina pana zaidi.

Wapo wanaolipinga jina hilo. Wanasema kijana wa jandoni haigizi, anatahiriwa kweli; tukiita kila tendo sanaa ya maonyesho, neno litapoteza maana. Hoja hiyo ina uzito, na haitoshi kuijibu kwa fahari ya utamaduni. Jibu limo katika vigezo vya waandishi hao wawili: iwepo dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Kwa kipimo hicho si kila desturi inayopita. Kisa cha jandoni kinachotendwa mbele ya watu ili kufunza kinapita, tohara yenyewe haipiti. Mtambaji anapita bila shaka. Akisema "Paukwa!", hafungui mdomo tena mpaka aitikiwe "Pakawa!" Hadhira hapo ni ndugu wa kweli wa neno hudhuria: watu waliopo, wanaodaiwa jibu, wala si wanunuzi wa tiketi waliokaa gizani. Walimu wanaofundisha istilahi hizi waanzie kwa mtambaji, kisha ndipo wafike kwenye pazia. Muhando mwenyewe alifanya hivyo kwa kalamu: katika Nguzo Mama, tamthilia yake ya mwaka 1982, anayetuongoza ni Bi Msimulizi.